Goma: jinsi masoko ya mbali na vita vya karibu vilivyojenga mji

Katika soko la Birere, hatua chache kutoka mpaka wa Rwanda, gunia la mchele limesafiri kuliko wengi wanaolinunua. Lilishushwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam, likapakiwa kwenye lori, likavuka mipaka miwili au mitatu, likafika mikononi mwa mama anayeuza kwa kipimo cha kopo. Kwa barabara hizohizo madini ya Masisi hushuka kuelekea baharini. Kodi ya nyumba Himbi huhesabiwa kwa dola ya Marekani, mshahara wa mwalimu kwa franka ya Congo.

Wasomi huita mambo haya utandawazi. Mara nyingi wakilitaja neno hilo hutoa mifano ya New York, Dubai au Shanghai. Lakini Goma ni mji ambao dunia imeujenga na kuubomoa mara nyingi kwa muda wa miaka mia moja tu. Historia yake inafaa kujulikana na kila mkaaji, na hasa na jamaa zilizofika hapa kwa kukimbia vita, kwa sababu bei ya chumba, uhaba wa maji na ugomvi wa viwanja havikuanza jana.

Mpaka uliochorwa Ulaya

Baada ya mkutano wa Berlin wa 1884–1885, Wabelgiji na Wajerumani waliendelea kubishana juu ya Ziwa Kivu na milima ya volkano. Mapatano yalifanyika Brussels mwaka 1910, Waingereza nao wakiwemo. Gisenyi ikabaki upande wa Wajerumani, Goma upande wa Wabelgiji. Goma wakati huo ilikuwa kituo kidogo tu cha kulinda mpaka.

Kisha yakaja mashamba. Katika milima ya Masisi na Rutshuru walowezi walipanda kahawa, chai na pareto kwa ajili ya masoko ya nje. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilitenga ardhi kubwa kwa mbuga ya Albert, ambayo leo ni Virunga, mbuga ya taifa ya kwanza Afrika. Kuanzia 1937 ilileta pia familia nyingi kutoka Rwanda zije kukaa Masisi na kufanya kazi. Hivyo ndani ya maisha ya mtu mmoja, mashamba ya walowezi, mbuga, wenyeji na wageni wote walijikuta juu ya milima ileile. Migogoro ya ardhi ambayo baadaye ilisukuma watu wengi mjini ina mizizi yake pale.

Mazao ya milimani yalipitia Goma, nayo ikakua polepole. Katika miaka ya Zaire ilikuwa mji wa mapumziko. Watalii walikuja kuona volkano na sokwe, na Mobutu alikuwa na makao yake kando ya ziwa. Lakini mwaka 1973 mashamba na maduka ya wageni yalinyang'anywa na kugawiwa wananchi, mara nyingi wakubwa wa serikali, na mengi yakaharibika. Pigo lingine lilitoka mbali zaidi. Mwezi wa Julai 1989 mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka kwa karibu nusu. Mkulima ambaye hakuwahi kusikia jina la mapatano hayo aliona tu kwamba gunia lake halilipi tena karo ya shule.

Mwaka 1994

Katikati ya Julai 1994, kwa siku chache tu, watu wanaokaribia milioni moja walivuka kutoka Rwanda baada ya mauaji ya kimbari na kushindwa kwa jeshi la serikali ya zamani. Mji haukuwa na nafasi kwao. Walisambaa Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga. Ardhi ya pale ni jiwe la volkano, na jembe haliingii: vyoo havikuchimbika, hata makaburi yalikuwa shida. Kipindupindu na magonjwa mengine ya kuharisha yaliua karibu watu 50,000 katika mwezi wa kwanza.

Ndipo dunia ikatua Goma kwa ndege. Wanajeshi, madaktari, waandishi wa habari na mashirika ya misaada yalifika kwa wingi. Mwenye nyumba nzuri alitambua kwamba chumba kimoja kinaweza kuleta dola kuliko kazi ya mwaka mzima. Kijana aliyejua Kifaransa na Kiingereza alipata kazi ya ukalimani, mwenye gari alilikodisha. Turubai za plastiki, ambazo watu waliziita shitingi, ziligeuka paa, ukuta na bidhaa ya sokoni.

Vita vya 1996 vilitawanya kambi hizo. Mwezi wa Agosti 1998 vita vingine vikaanza, na Goma ikawa makao makuu ya uasi wa RCD hadi 2003. Barabara ya kwenda Kinshasa ilikatika kabisa. Macho ya wafanyabiashara yakazidi kugeukia mashariki: Kigali, Kampala, Nairobi, Dubai.

Bei ya koltani

Mwishoni mwa mwaka 2000 viwanda vya simu na kompyuta vilitafuta sana tantali, madini yanayotoka katika koltani na kutumika kutengeneza kifaa kidogo kinachotunza umeme ndani ya chombo. Bei ilipanda mara kadhaa kwa miezi michache. Masisi na Walikale vijana waliacha shule, wafugaji waliacha ng'ombe, wakulima waliacha maharage shambani. Goma ikajaa nyumba za kununulia madini. Baadaye ikaja zamu ya kasiterite, na ndege ndogo zikawa zinatua juu ya barabara ya lami kule Kilambo, Walikale, kubeba magunia hadi Goma.

Mwaka 2001 bei ya koltani ikaporomoka. Viwanda vilikuwa vimeweka akiba ya kutosha, tena machimbo ya nchi nyingine yalikuwa yameongeza mavuno. Waliokuwa wamejenga ghorofa kando ya ziwa walibaki na ghorofa zao. Mchimbaji alibaki na deni la chakula alichokula kwa bei ya machimboni. Hapo ndipo sura ya Goma ya leo ilianza kuonekana wazi: kusini, karibu na maji, kuta ndefu na mageti ya chuma, kaskazini, upande wa Karisimbi, nyumba za mbao zilizobanana, na watoto wenye bidoni njiani.

Lubumbashi inasaidia kuona tofauti. Nayo ilizaliwa kwa sababu dunia ilitaka madini: reli kutoka kusini ilifika pale mwaka 1910, na kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilihitaji wafanyakazi wa shaba. Ulikuwa utawala mkali wa ubaguzi, weupe katikati ya mji na weusi pembeni. Lakini kampuni iliyokusudia kukaa miaka mingi ilijenga reli, hospitali, shule na makao ya wafanyakazi. Goma haikupata mwajiri wa namna hiyo. Ilipata mnunuzi anayekuja bei ikipanda na kuondoka ikishuka, na shirika linalokuja na mradi wa miezi sita. Wote hukodi nyumba, lakini mabomba ya maji huachiwa mwingine.

Kujenga juu ya moto

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka. Moto wa mawe ulikatiza katikati ya mji, ukafunika sehemu ya kiwanja cha ndege na kuingia ziwani. Mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi, na zaidi ya watu 100,000 walibaki bila makao. Mashirika yalianza kupanga kambi upande wa Rwanda. Kabla mawe hayajapoa vizuri, watu walikuwa wamekwisha rudi.

Walichofanya baada ya hapo hakikuandikwa katika mpango wa mfadhili yeyote. Walipasua mawe hayo, makoro, kwa nyundo, wakayageuza misingi, kuta na nyua. Juu ya msingi waliweka mbao, na juu ya mbao mabati. Mji uliofunikwa na mawe ukajengwa kwa mawe hayohayo. Chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ilibeba mbao, makaa na kabichi kutoka Kibumba kushuka mjini. Mwaka 2009 sanamu ya mwendesha chukudu ilisimamishwa katikati ya Goma, na ni haki yake.

Wakati huohuo ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, MONUC, ambao tangu 2010 uliitwa MONUSCO, uliongeza watu na magari. Mashirika nayo yaliongezeka kila vita vilipowaka. Kazi nyingi za ulinzi, udereva, upishi na ofisi zilitoka huko. Kodi ikapanda, bei ya kiwanja nayo. Familia ya mwalimu au ya polisi ilihamia pembeni zaidi, Ndosho au Mugunga, ikawaachia wenye dola sehemu za katikati.

Hata sheria za nchi nyingine zilibadilisha maisha hapa. Mwezi wa Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kudai kampuni zake zieleze kama madini yao yanatoka katika vita vya Congo na nchi jirani. Septemba mwaka huo serikali ya Kinshasa ilisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Nia ilikuwa kukata pesa za wenye silaha. Lakini wanunuzi wengi walikimbia, na maelfu ya wachimbaji wasio na bunduki walikosa riziki. Wengi wao walikuja kutafuta maisha mjini, wengine wakashika pikipiki.

Januari 2025

Tangu 2022 vita vya M23 vilisukuma mamia ya maelfu ya watu kuelekea Goma. Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo zikajaa shitingi juu ya makoro. Wengine hawakuingia kambini; walipokewa na ndugu, na chumba cha watu watano kikalala watu kumi na wawili. Mwezi wa Aprili 2024 M23 ilichukua Rubaya, mahali ambapo, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, panatoka takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima.

Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani, nchi iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada Congo, ilisimamisha misaada yake ya nje. Tarehe 27 Januari M23 iliingia Goma. Kiwanja cha ndege kilifungwa, benki zilifungwa. Mwezi wa Februari waliokuwa kambini waliambiwa waondoke, na vibanda vikabomolewa. Wengine walirudi vijijini wakakuta nyumba zimechomwa na mashamba yamekaliwa. Kwa wiki chache, karibu kila kitu kilichokuwa kinategemea nje kilisimama kwa pamoja.

Hapo ndipo mtu anaweza kupima ni nini hasa kilichokuwa mali ya mji. Mkaaji wa kodi aligundua kwamba bei ya chumba haikushuka haraka kama mshahara ulivyopotea. Pesa zilipita kwenye simu, na aliyehitaji noti alivuka Gisenyi kuzitafuta. Wakinamama wa mboga waliendelea kuvuka mpaka kila uliporuhusu. Likelemba, ile michango ya zamu baina ya majirani, ilifanya kazi ambayo benki haikuweza. Jamaa iliyopokea wageni haikusubiri mradi kuidhinishwa.

Lakini ingekuwa uongo kusema kwamba ujanja wa wakaaji unatosha. Likelemba haiwezi kuleta bomba la maji kutoka ziwani hadi Karisimbi. Kwa miaka thelathini fedha nyingi za nje zimepita Goma, na bado mtoto hushuka ziwani na bidoni katika mji unaotazamana na maji matamu. Mahali ambapo fedha za nje zilijenga kitu cha kudumu, tofauti huonekana: kituo cha umeme cha Matebe, kilichozinduliwa Rutshuru mwishoni mwa 2015 chini ya mbuga ya Virunga, kimepeleka taa katika nyumba nyingi ambazo hazikuwahi kuwa nazo.

Dunia haitaacha kuhitaji koltani, na Goma haitaacha kuwa mlango wake. Wanunuzi watarudi, na mashirika pia yatarudi, kwa majina ya zamani au mapya. Viongozi wa mitaa na wakaaji watakaoketi nao wana haki ya kuwauliza mambo matatu kabla ya kuwakodisha nyumba: mradi ukiisha, ni bomba gani litabaki? Barabara ya mtaa gani itakuwa imetengenezwa? Na familia iliyopewa kiwanja itabaki na karatasi gani mkononi? Swali hili la mwisho ni zito kuliko yote kwa aliyehama. Shitingi huoza baada ya mvua chache, na aliyeondolewa Bulengo au Rusayo mwezi wa Februari hakuwa na hati yoyote ya kuonyesha kwamba aliwahi kuishi pale.