Kukodi gari Mexico: Bima ndiyo hupandisha bei
Mgeni anayekodi gari likizoni nchini Mexico hukutana na bei mbili: ile ndogo iliyotangazwa kwenye intaneti, na ile anayotajiwa kaunta. Tofauti hiyo aghalabu hutokana na bima ya kufidia madhara kwa watu wengine, ambayo ni ya lazima katika barabara kuu za serikali ya shirikisho. Bima ya kadi ya mkopo kwa kawaida hulinda gari lenyewe, si aliyegongwa. Dereva asiye na bima akimjeruhi mtu, huenda akazuiliwa hadi fidia ihakikishwe.

Magari hupita upande wa kulia, kinyume na Kenya. Barabara za “cuota” hulipiwa ada, na kwa kawaida huwa bora kuliko za “libre”, zisizolipiwa. Vijijini, matuta yaitwayo “topes” hujitokeza ghafla. Gari likiharibika katika barabara kuu, Ángeles Verdes, kikosi cha wizara ya utalii chenye magari ya kijani, huitwa kwa nambari 078.

Kabla ya kuondoka, mkodishaji na mteja waandike mikwaruzo yote kwenye mkataba, nayo ipigwe picha.