Walihamia: Wasifu wa Mwanamke wa Skimu katika Likuyani

Mahali pengi katika magharibi ya Kenya mtu hazikwi kabla wasifu wake haujasomwa hadharani. Wasifu huo huandikwa siku za matanga na mwana au mjukuu aliyesoma, hupigwa chapa kwa haraka, na husomwa mbele ya jeneza kabla ya mahubiri. Mpangilio wake haubadiliki sana: kuzaliwa, kuokoka, kusoma, kuolewa, kuhama, kuzaa, kuugua, kufa. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumeupita utanzu huu kana kwamba ni tangazo tu la msiba. Lakini kwa familia nyingi za Likuyani karatasi hiyo ndiyo maandishi pekee yatakayobaki juu ya mwanamke aliyefika huko katika miaka ya 1960. Nia ya makala haya ni kuisoma kwa makini yale yale tunayoyatumia kusoma riwaya, na hasa kukichunguza kitenzi kimoja kilichomo karibu katika kila nakala: walihamia.

Kwanza, mahali penyewe. Likuyani ni eneo la kaskazini kabisa mwa Kaunti ya Kakamega, nalo lina wadi tano: Likuyani, Sango, Kongoni, Nzoia na Sinoko. Kabla ya uchaguzi wa 2013 lilikuwa sehemu ya eneo bunge la Lugari. Katika enzi ya ukoloni ardhi hii ilihesabiwa katika Nyanda za Juu zilizotengewa Wazungu, na mashamba yake yalitazama Eldoret na Kitale kuliko Kakamega. Tangu 1962, chini ya mpango wa ekari milioni moja, serikali ilinunua mashamba ya walowezi kwa fedha ambazo kwa sehemu kubwa zilitoka Uingereza, ikayakata vipande na kuwagawia Waafrika. Katika nchi nzima familia zipatazo 35,000 zilipata makazi kwa njia hiyo. Neno kugawia lisitudanganye. Shamba lilikuwa la mkopo, wa kulipwa kwa miaka 30 pamoja na riba. Wala ardhi haikuwa tupu kabla ya Mzungu. Wapo walioondolewa ili yeye aingie, na kumbukumbu zao hazikufutwa na ramani mpya ya skimu.

Wengi wa waliopanda kuja Likuyani walitoka kusini, katika nchi ya Wamaragoli na majirani zao, mojawapo ya sehemu zilizosongamana kabisa nchini. Walikuja na dini. Mwezi Agosti 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi na kuanzisha misheni ya Marafiki, yaani Quaker, iliyotaka kuhubiri na kufundisha kazi za mikono kwa pamoja. Miaka michache baadaye Emory Rees na mkewe Deborah walifungua kituo cha Vihiga, na huko Rees alishirikiana na Joel Litu kuitafsiri Biblia katika Kimaragoli. Agano Jipya lilitoka 1925 na Biblia nzima 1951. Kwa hiyo mwanamke wa Kimaragoli aliyehamia skimu mwaka 1964 yamkini alikuwa na kitabu kimoja mzigoni mwake, nacho kilikuwa kimepigwa chapa kwa lugha yake miaka kumi na mitatu tu iliyopita.

Inafaa tukumbuke kwamba hata wanawake waliovuka bahari kuileta dini hiyo hawakuandika juu yao wenyewe kwa urahisi. Mwaka 1943 Edna Chilson, mke wa Arthur, alichapisha kitabu alichokiita Ambassador of the King, yaani balozi wa mfalme. Balozi ni mumewe. Edna aliishi Kaimosi, na mwaka 1934 yeye, mumewe na binti yao Rachel walikwenda kuanzisha misheni nyingine Kibimba, Burundi. Kila alilolisimulia juu ya Arthur yeye alikuwa shahidi wake, na mara nyingi mtenda kazi mwenzake. Hata hivyo utanzu aliouchagua, wasifu wa mume, ulimpa kiti cha msimulizi na kumnyima kiti cha mhusika mkuu. Simlaumu. Wasomaji wake, wafadhili wa misheni, walimtaka balozi.

Marekani ina mfano mwingine unaotufaa. Kati ya 1847 na 1869, mwaka ambao reli ilikamilika, waumini wa Kimormoni zaidi ya 60,000 walisafiri nchi kavu hadi bonde la Salt Lake, wengi wao wahamiaji kutoka Uingereza na Skandinavia. Mwaka 1901 wazawa wao wa kike waliunda chama, Daughters of Utah Pioneers, kilichofanya kazi ya kukusanya maisha ya waanzilishi hao. Msomaji wa matanga ya Likuyani akizisoma habari hizo atajihisi nyumbani: kijiji cha kuzaliwa, kuongoka, meli, magari ya kukokotwa, mtoto aliyezikwa njiani, kisha hesabu ya wajukuu. Tofauti ni kwamba baadhi ya wanawake wale waliacha shajara na barua zao, na mwandishi wa baadaye akitia chumvi huweza kusutwa na maandishi ya bibi mwenyewe. Kwetu anayeweza kumsuta ni jirani tu, tena akiwa hai.

Turudi kwenye kitenzi chetu. Sarufi ya wasifu wa matanga ina upendeleo unaosikika hata kabla ya kuelezwa. Mwanamume alioa, mwanamke aliolewa. Mwanamume alinunua shamba. Mwanamke alijaliwa watoto tisa. Maisha yake yanakwenda kwa kauli ya kutendwa hadi anapofika kwenye uhamisho, na hapo ghafla anapewa kitenzi cha kutenda, lakini kwa wingi. Kiambishi wa- kinammeza. Msikilizaji anaona familia nzima juu ya lori, baba mbele.

Hapa naomba ruhusa ya kumtaja nyanya yangu, mzaa baba. Wasifu wake ulisema kwamba mwaka 1964 walihamia Likuyani. Msomaji alikuwa binamu yangu, naye aliyaandika aliyoyasikia kwa wajomba. Alipofika hapo, mama mmoja mzee, jirani wa tangu siku za mwanzo, alisema kwa sauti kutoka kwenye hema la wanawake: "Nani walihamia? Alikuja peke yake." Watu walicheka kidogo, binamu akaendelea. Lakini mzee yule alisema kweli. Babu alikuwa na kazi ya mshahara mbali na nyumbani, kama wanaume wengi waliopata mashamba. Asingeweza kuiacha, kwani ndiyo iliyolipa mkopo. Barua ya mgao ilikuwa na jina lake. Aliyeshuka kwenye lori na watoto wanne, mabati na kuku ni nyanya. Babu alikuja wakati wa likizo, na kuhamia hasa alihamia alipostaafu, shamba likiwa limekwisha kung'olewa visiki.

Kwa hiyo kitenzi kile hakikupunguza ukweli tu, kiliupindua. Ukiandika alihamia, unapata hadithi nyingine kabisa: mwanamke anayeamua mahali pa kujenga jiko, anayepima mpaka na jirani asiyejua lugha yake, anayehudhuria mkutano wa ushirika kwa niaba ya mtu ambaye jina lake ndilo linaloitwa.

Jambo moja katika habari hii linanishughulisha kuliko yote, nalo ni mbegu. Alikotoka, kuchagua mahindi ya kupanda msimu ujao ilikuwa kazi ya nyanya. Alining'iniza magunzi juu ya moshi wa jiko, na mume hakuyagusa. Sasa, mwaka 1964, mwaka ule ule wa kuhama kwake, watafiti wa Kitale walitoa mbegu chotara iliyoitwa 611. Chotara huzaa sana, lakini punje zake zikipandwa tena mavuno hupungua. Hapana budi kununua nyingine kila mwaka. Skimu ikajaa mahindi marefu na maghala yakafurika. Ila mbegu ilihama kutoka juu ya jiko ikaingia dukani, na fedha ya kuinunulia ikawa katika akaunti ya mwenye jina. Nyanya alilisimulia jambo hili bila uchungu, na mara zote alilimalizia kwa kusifu ugali wa 611. Hakuna wasifu niliousikia uliowahi kulitaja.

Aliyasimulia wapi? Hili ni muhimu kwa mhakiki. Aliyasimulia katika ushuhuda, kwenye mkutano wa kina mama wa Kanisa la Marafiki, ambao mwanzoni ulikutana katika ghala lililoachwa na mlowezi. Ushuhuda husemwa kwa nafsi ya kwanza: nilikuja, niliogopa, niliomba, nikalima. Biblia yake aliisoma kwa Kimaragoli, lakini kati ya majirani Wabukusu, Watachoni na Wanandi ushuhuda ulilazimika kuwa wa Kiswahili, na hivyo Kiswahili kikawa lugha ya tawasifu yake kabla hakijawa lugha ya wasifu wake. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti Binti Saad alikwenda kumsikiliza Siti mwenyewe. Msichana wa Fumba aliyehamia mjini Unguja anaonekana humo akienda kwa miguu yake. Binamu yangu alikuwa na nafasi hiyo hiyo kwa miaka thelathini. Nami pia.

Mtu anaweza kuuliza kama herufi moja inastahili kelele hizi. Ugomvi wa ardhi wa 1992 na ule wa mwanzoni mwa 2008 ulionyesha katika mikoa hii jinsi neno mhamiaji linavyoweza kugeuzwa panga, na nani alifika lini ikawa swali la uhai. Ndani ya boma moja swali hilo huulizwa kwa upole zaidi, shamba linapokatwa kati ya wana, na mabinti wakaambiwa kwamba ni la baba kwa sababu baba ndiye aliyelijia. Shangazi zangu wawili waliambiwa hivyo. Mkubwa wao alikuwa juu ya lile lori, na umri wake ulikuwa miaka saba.

Nakala za wasifu zilizotolewa siku ile zilipata kama mia mbili, zote na kosa lile. Moja imo ndani ya Biblia ya 1951, kwa shangazi huyo. Wa- imekatwa kwa kalamu ya wino mwekundu, na juu yake imeandikwa a-.