MFALME ALIYEMHAMISHIA KIMADA NDANI YA JUMBA LA MKEWE

Kama unadhani michepuko imeanza na simu za mkononi, kaa hapa dakika mbili.

Alexander II alikuwa mfalme wa Urusi, Tsar mwenyewe. Ndiye aliyewaachia huru, mwaka 1861, wakulima zaidi ya milioni 20 waliokuwa wakimilikiwa na mabwana zao kama mali. Nchi kubwa vile aliimudu. Moyo wake ndio uliomshinda.

Alioa mwaka 1841. Mkewe Maria, binti wa kifalme kutoka Ujerumani, alimzalia watoto 8, lakini alikuwa mgonjwa wa kifua, na mzee akaanza kutoka nje. Vimada walikuja wakapita. Mmoja hakupita.

Huyo ni Ekaterina Dolgorukova, maarufu kama Katya. Mfalme alimuona mara ya kwanza 1859 akiwa bado mtoto mdogo. Familia yao ilipofilisika, mfalme akabeba gharama, binti akasomeshwa Smolny, shule ya mabinti wa wakubwa pale St. Petersburg. Walipokutana tena Katya ana miaka 17, mfalme ana 46. Kwa macho ya leo hiyo ni kesi kabisa. Binti alimkwepa zaidi ya mwaka mzima, mpaka Julai 1866 akakubali, na mfalme akamuahidi kwamba siku akiwa huru atamuoa.

Basi ikawa siri ambayo jumba zima linaijua ila hakuna anayeisema. Waliandikiana barua maelfu, zina mpaka neno lao la siri la kutaja mambo ya chumbani. Mwaka 1867 mfalme alipoenda Paris kwenye maonyesho makubwa, Katya naye akaenda kimyakimya. Wakapata watoto 4, mmoja akafariki mchanga.

Sasa basi, wanamapinduzi walikuwa wanamuwinda mfalme. Kwa kuhofia usalama wa Katya na watoto, akawahamishia ndani ya jumba lake la kifalme, humo humo alimokuwa Maria. Fikiria huyo mama, yuko kitandani anakohoa, na watoto wa mwenzake wako ndani ya jumba hilo hilo.

Maria alifariki Juni 1880. Wiki sita tu baadaye mfalme akamuoa Katya kwa ndoa ya siri. Watoto wakubwa wa mfalme walipojua, walikasirika vibaya. Katya alipewa cheo cha binti mfalme, ila umalkia hakuupata.

Na raha yenyewe haikufika hata mwaka. Machi 13, 1881 bomu lilirushwa kwenye gari lake la farasi. Alitoka mzima, akashuka kuwaangalia majeruhi. Bomu la pili likamvunjavunja miguu. Akarudishwa nyumbani akivuja damu, akafa Katya akiwa pembeni yake.

Katya alikata nywele zake ndefu akaziweka ndani ya jeneza. Mfalme mpya, mtoto wa Maria, hakumtaka pale. Akapewa pesa za kujikimu, akahamia Ufaransa na wanawe, akafia Nice mwaka 1922. Hakuolewa tena.

Miaka 14 ya kujificha kwa miezi 8 ya ndoa. Na Maria je, yeye nani alimlilia?