Kamera Ndani ya Koti

Kati ya 1938 na 1941, Walker Evans alipanda treni za chini ya ardhi za New York akiwa ameficha kamera ndani ya koti. Abiria hawakujua wanapigwa picha. Kitabu chake, Many Are Called, kilitoka 1966, miaka 25 baada ya picha za mwisho.

Nikisoma habari hizo kwa ajili ya tasnifu, nilimkumbuka mama muuza mihogo wa Kariakoo, niliyempiga picha akisinzia. Niliiweka Instagram kabla sijafika nyumbani. Kijana wake aliiona.

“Mwanangu,” aliniambia mama, “ungeniamsha nifunge kanga vizuri.”

Niliifuta, lakini ilikwishasambaa. Evans alisubiri miaka. Mimi sikusubiri hata aamke.