Walibaki watano duniani, na ubaguzi ukawa wa sita

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayenipata kwa njia ya gazeti, leo sitaki kuzungumzia bei ya sukari. Nataka kuzungumzia mwisho wa dunia. Usitishike. Ni mwisho wa dunia wa kwenye sinema, tena sinema ya bei ya chini, isiyo na rangi, iliyotoka Marekani mwaka 1951. Jina lake ni Five, yaani Watano. Kijana wangu ndiye aliyeniletea, akaniwekea kwenye kompyuta yake Jumapili baada ya chakula, akijua kwamba baba yake ni mtu wa kale na mambo ya kale humpendeza. Nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza nilisinzia kidogo. Mara ya pili usingizi haukuja kabisa.

Aliyeitunga na kuiongoza ni Arch Oboler, na naomba nimtambulishe vizuri kwa sababu alikuwa mtu wa redio, kama sisi hapa. Kuanzia mwaka 1936 aliandika michezo ya kutisha ya kipindi cha usiku kilichoitwa Lights Out. Mmoja wa michezo hiyo, wa mwaka 1937, ulihusu moyo wa kuku. Siku zile magazeti ya Marekani yaliandika sana juu ya daktari Alexis Carrel wa New York, ambaye tangu mwaka 1912 alisemekana kutunza ndani ya chupa kipande cha moyo wa kifaranga, kikawa hakifi. Oboler akajiuliza: je, kikikua kisikome? Basi moyo ule ukakua, ukajaza chumba, ukajaza mtaa, ukajaza mji na nchi, mpaka wakabaki watu wawili ndani ya ndege, na chini yao hakuna ardhi tena, ni nyama tupu inayodunda. Mchezo mzima ulikuwa wa dakika chache. Uligharimu nini? Sauti za waigizaji na mdundo wa moyo. Kwa pesa ya nauli ya basi, redio inaweza kuiangamiza dunia na chenji ikabaki.

Ubahili huo wa redio ndio Oboler alioingia nao kwenye sinema. Agosti 1949 Warusi walikuwa wamelipua bomu lao la kwanza la atomiki, na Januari 1950 Rais Truman akatangaza kwamba Marekani itatafuta bomu kubwa zaidi, la haidrojeni. Hofu ilikuwa imetanda. Oboler akatengeneza sinema yake kwa dola zipatazo 75,000, ambazo kwa Hollywood ni pesa ya chai. Mafundi wake walikuwa vijana waliotoka masomoni, Chuo Kikuu cha Southern California. Jengo la kuigizia hakukodi: alipiga picha kwenye nyumba yake mwenyewe juu ya kilima huko Malibu, nyumba iliyochorwa na yule msanifu mashuhuri Frank Lloyd Wright. Waigizaji wakuu ni watano, basi. Na bomu lake, ndugu msomaji, ni bomu la mtu asiye na fedha: halibomoi majengo. Vumbi la sumu limewaua watu na kuacha nyumba zimesimama, magari barabarani, mifupa kwenye viti. Leo hutajwa kuwa sinema ya kwanza kuonyesha watu waliosalia baada ya vita vya atomiki.

Hao waliosalia ni nani? Kila mmoja alikuwa mahali palipomkinga. Mwanamke mmoja, Roseanne, mja mzito, alikuwa hospitalini ndani ya chumba cha eksirei chenye kuta za risasi. Michael alikuwa ndani ya lifti katika jengo la Empire State. Mzee Barnstaple, karani wa benki, na Charles, bawabu wa benki hiyohiyo, walikuwa wamefungiwa ndani ya chumba cha kuhifadhia fedha. Wa tano, Eric, alikuwa Mlima Everest, katikati ya dhoruba ya theluji. Charles ni Mmarekani Mweusi. Wengine wote ni Wazungu.

Nakiri kwamba wanaongea mno. Hiyo ndiyo dosari ya mtu wa redio, anaogopa kimya kana kwamba stesheni imezimika. Lakini katikati ya maneno yale kuna jambo. Barnstaple amechanganyikiwa, anadhani yuko likizo, na anayemlea kama baba yake mzazi ni Charles, mpaka anapofariki kwa sumu ya mionzi. Michael na Charles wanalima mahindi pamoja na kujenga pamoja. Mweusi na Mzungu, jembe kwa jembe, katika sinema ya mwaka 1951! Mwigizaji wa Charles, Charles Lampkin, anapewa hata nafasi ya kughani shairi la James Weldon Johnson, mshairi Mweusi, kuhusu kuumbwa kwa ulimwengu. Ulimwengu umekwisha, naye anawasimulia ulivyoanza.

Kisha anakuja Eric kutoka Everest. Binadamu wote wamekufa. Hakuna serikali, hakuna benki, hakuna jirani wa kumcheka. Hata hivyo bwana huyu anaudhika kwamba lazima aishi na kula na mtu mweusi. Anaendesha gari juu ya mahindi yao na kuyasaga, chakula cha watu wa mwisho duniani. Baadaye, usiku, anapotoroka na Roseanne na mtoto mchanga, Charles anajaribu kumzuia, naye anamchoma kisu mgongoni. Aliyeigiza Eric, James Anderson, alikuja kuigiza mwaka 1962 yule Mzungu mbaguzi Bob Ewell katika To Kill a Mockingbird. Walimjua kwa kazi hiyo.

Eric naye sumu imeshamwingia, anakimbia akipiga mayowe. Mtoto anakufa njiani. Wanabaki Michael na Roseanne, Mzungu wa kiume na Mzungu wa kike, na shamba la kuanza upya.

Hapo ndipo niliposhtuka mara ya pili. Nilijiuliza, hivi Charles angeweza kubaki? Jibu limo katika kanuni za maadili za wenye viwanda vya sinema, ambazo Hollywood ilizifuata tangu miaka ya 1930. Zilipiga marufuku waziwazi kuonyesha mapenzi kati ya Mweusi na Mzungu, na kifungu hicho hakikuondolewa mpaka mwaka 1956. Aidha, mwaka 1951 zaidi ya nusu ya majimbo ya Marekani yalikuwa na sheria za kukataza ndoa za namna hiyo. Kwa hiyo dunia yenye mwanamke mmoja na wanaume wawili, mmoja wao Mweusi, ilikuwa hesabu isiyoruhusiwa. Eric alishika kisu, lakini kanuni zilikuwa zimekwisha kupitisha hukumu. Oboler ninampa heshima yake, kwani aliuonyesha ubaguzi kuwa ni uuaji, jambo ambalo studio tajiri zilikuwa zikilikwepa. Ila hakuweza kuwaza dunia ambayo Charles anazeeka.

Miaka minane baadaye, 1959, Harry Belafonte aliigiza mkaguzi wa migodi anayetoka chini ya ardhi na kukuta New York haina watu, kisha anatokea mwanamke Mzungu, kisha mwanamume Mzungu. Kifungu kilikuwa kimekwisha ondolewa, lakini hata busu hakuna. Wanaume wanawindana kwa bunduki, na mwishowe wote watatu wanashikana mikono na kwenda zao. Angalau huyu alibaki hai.

Turudi Jumapili ile. Sinema ilipokwisha kijana wangu akaniuliza: "Baba, kwani Afrika ilikwenda wapi?" Swali zuri. Eric ndiye shahidi wao wa dunia nzima, na safari yake ilipita Asia na Bahari ya Pasifiki, akakuta watu wamekufa kote alikopita. Huku kwetu hakuna aliyekuja kutuhesabu. Na haikuwa kwamba Oboler hakutujua. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alisafiri Afrika kurekodi sauti, na mwaka 1952 akatoa sinema ya rangi ya kutazamwa kwa miwani maalumu, Bwana Devil, juu ya simba wala watu wa Tsavo waliosimamisha ujenzi wa reli mwaka 1898. Neno letu "Bwana" alilijua, akaliweka kwenye jina.

Nikamwambia kijana kwamba tulikuwemo, tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alipeleka zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo New York, zikawekwa ghalani Staten Island zikisubiri mnunuzi. Mwaka 1942 mnunuzi akaja, kutoka jeshini. Waliochimba mawe yale na kuyachambua kwa mikono walikuwa Waafrika, na katika kambi za migodi ya Katanga lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili, hiki hiki ninachokusemesha nacho.

Kijana alinyamaza. Halafu akairudisha sinema nyuma, mpaka pale mwanzoni kabisa penye wingu la bomu.