Waliohesabu Mbung'o

Itigi hatuna majira ya kuchipua kama ya Ulaya. Tuna kiangazi kirefu, kisha mvua zinazoanza Novemba au Desemba. Vichaka vilivyokuwa vikavu kama kuni huota majani ndani ya siku chache, na wadudu hutoka: kumbikumbi, vipepeo, panzi, kereng'ende. Kwa misimu mitatu nimekuwa nikiwapiga picha kwa simu na kuwaweka kwenye iNaturalist: mdudu gani, wapi, tarehe gani. Kazi hii huitwa sayansi ya wananchi, na huzungumzwa kana kwamba ilizaliwa pamoja na simu janja. Mimi nasoma shahada ya uzamili katika historia, na naona kwa upande wetu wa nchi ina umri mkubwa zaidi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Waingereza ilikuta sehemu kubwa ya Tanganyika imeshikwa na mbung'o, mdudu anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori, aliongoza utafiti wa mbung'o uliokuwa na makao Shinyanga. Kwa kuwa kila aina ya mbung'o ina pori lake, mtaalamu wake wa mimea, B. D. Burtt, alitembea nyanda za kati akieleza uoto wake. Wote wawili walikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, na maelezo ya Burtt yakachapishwa 1942. Leo wataalamu huuita uoto huu kwa jina la mji wetu wa stesheni, hata wanapousoma kaskazini mwa Zambia.

Lakini Swynnerton na Burtt hawakuwahesabu mbung'o peke yao. Kazi hiyo ilifanywa na wanaume Waafrika waliopita njia ileile kila mara, wamebeba kitambaa cheusi. Walisimama kila baada ya umbali uliopimwa, wakawanasa mbung'o waliotua, wakatenganisha dume na jike, wakatoa hesabu. Katika miaka ya 1930 mtafiti C. H. N. Jackson aliwatia mbung'o alama za rangi na kuwaachia ili kukadiria idadi yao. Ukitia alama 100, kisha ukanasa wengine 100 na kukuta 10 wana alama, unakadiria wako kama 1,000. Hesabu ni nyepesi. Kazi ngumu ni kumshika mbung'o bila kumvunja, jua la saa saba likikuchoma. Majalada ya ripoti yana majina ya watafiti. Walionasa waliitwa maboi wa mbung'o, hata kama mtu alikuwa na wajukuu.

Na idadi hizo zilikuwa na nguvu. Kuanzia miaka ya 1920, kwa ajili ya kudhibiti malale, watu wengi wa magharibi ya nchi, Wakimbu wakiwemo, walitolewa kwenye vijiji vyao vilivyotawanyika na kukusanywa katika makazi mapya. Waliacha mashamba, makaburi na mizinga. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alidai kwamba kabla ya ukoloni wakulima na wafugaji ndio waliokuwa wakimzuia mbung'o, kwa kulima, kuchoma nyasi na kuchunga. Watu walipopungua kwa vita, njaa na sotoka ya miaka ya 1890, pori lilirudi, na mbung'o wakarudi nalo. Kama hoja hiyo ni sahihi, kuwahamisha watu kulikuwa kuondoa ukuta ili kuzuia upepo.

iNaturalist ilianza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa uzamili huko Berkeley, Marekani. Humo jina langu linasomeka, na yeyote anaweza kunisahihisha. Kumbukumbu yenye picha, tarehe na mahali hupandishwa daraja la utafiti pale zaidi ya theluthi mbili ya wanaoitambua wanapokubaliana. Ni utaratibu wa haki kuliko ule wa kitambaa cheusi. Hata hivyo, bibi yangu hutofautisha kumbikumbi wa jioni na wa usiku kwa ladha na kwa kichuguu wanachotoka, na mimi ndiye ninayehesabiwa kuwa mwonaji. Kwa hiyo kwenye sehemu ya maelezo naandika jina analowaita na kwamba yeye ndiye aliyenionyesha. Aliniruhusu, kwa sharti kwamba nimletee chumvi.

Mfugaji nyuki mmoja hakuniruhusu vivyo hivyo. Nilipotaka kurekodi nyuki kwenye mti wake, aliniangalia simu.

"Mjukuu wangu, mdudu mwandike. Mahali usiandike."

"Kwa nini, babu?"

"Baba yangu waliandika anapokaa. Mwaka uliofuata wakamhamisha."

Programu ina kitufe cha kuficha mahali halisi, na mtafiti bado anapata mwezi na aina ya mdudu. Sasa nakitumia kila ninapokuwa karibu na mzinga wa mtu, hata kama mwenyewe hajaniomba. Vichaka vinakatwa kwa mashamba na mkaa, na tarehe hizi zitahitajika na watakaouliza ni nini kilikuwepo. Lakini kabla ya kuandika, namuuliza kwanza mwenye mahali.