Bibi Arudi Kochi

Uwanja wa ndege wa Kochi, kusini magharibi mwa India, uko Nedumbassery, nje kabisa ya mji. Familia ya Kiyahudi kutoka Israeli inapotoka hapo na masanduku yake, dereva wa teksi haulizi sana. Wayahudi hupelekwa Mattancherry, kwenye sinagogi maarufu ambalo wajukuu wameshaliona kwenye simu. Anayekataa huwa ni bibi. Huketi mbele, kando ya dereva, akamwambia kwa Kimalayalam kwamba wao wanaanzia Chendamangalam. Huko ndiko kwao, na tena ni karibu zaidi. Nyuma, wajukuu hutazamana. Msomaji mwenye jamaa Maskati waliozaliwa Unguja ataielewa hali hiyo: lugha iliyokaa sandukuni miaka na miaka, ikitolewa bado inamkaa mwenyewe vizuri.

Ubishi huo wa teksi una mizizi mirefu. Wayahudi wa Malabar, yaani pwani hiyo ya Kerala, waliletwa na biashara ileile iliyojenga miji ya mwambao wetu: pepo za msimu, vyombo vya baharini na pilipili manga. Yapata mwaka 1000, mtawala wa Kerala alimpa mkuu wao, Yosefu Rabban, hati iliyochongwa kwenye mabamba ya shaba. Ilimsamehe ushuru, ikampa na haki ya mwavuli, machela, ngoma na tarumbeta. Watu wa Pate na Lamu, wenye siwa zao, hawahitaji kuelezwa uzito wa zawadi hiyo.

Bandari yao ya kale ilikuwa Kodungallur. Mafuriko ya mwaka 1341 yaliijaza mchanga na kufungua njia ya maji Kochi, biashara ikahamia huko. Kisha wakaja Wareno, wakiongozwa na rubani waliyempata Malindi mwaka 1498, na maisha ya Wayahudi yakawa magumu. Raja wa Kochi akawapa kiwanja ubavuni mwa kasri lake, na mwaka 1568 likasimama sinagogi la Mattancherry. Wareno walilichoma mwaka 1662. Mwaka uliofuata Waholanzi waliuteka mji, na sinagogi likajengwa upya.

Kwa uzuri, ni kweli, lina sifa zake. Unavua viatu mlangoni, na kitu cha kwanza kukupokea ni ubaridi wa vigae chini ya nyayo: vyeupe, vimechorwa kwa mkono rangi ya buluu, vimetoka Canton, China, karne ya 18. Waongozaji watalii hupenda kuapa kwamba hakuna viwili vinavyofanana. Nadhani hakuna mgeni aliyewahi kukaa akavilinganisha vyote.

Lakini jina la sinagogi lenyewe linasema mengi. Linaitwa Paradesi, yaani la wageni. Waumini wake walikuwa wakimbizi waliofukuzwa Hispania na Ureno, pamoja na wafanyabiashara kutoka nchi za Kiarabu. Hao waliitwa Wayahudi weupe. Wamalabari, waliowatangulia kwa karne nyingi na kuwazidi kwa idadi, waliitwa weusi, na wageni hao hawakukubali kuoana nao. Wajukuu wa watumwa walioachwa huru na Waparadesi walisali na mabwana wao, ila waliketi ukumbi wa nje. Mwanasheria A. B. Salem, mmoja wa wajukuu hao, aliukataa utaratibu huo kwa mgomo wa amani ndani ya sinagogi lilelile, hata akaitwa Gandhi wa Wayahudi. Sisi wa pwani, tuliowahi kuulizana nani mwungwana na nani mtumwa, tusijifanye tunashangaa.

Kerala ilikuwa na masinagogi manane, na saba, likiwemo la Chendamangalam, yalikuwa ya Wamalabari. Ndiyo maana bibi hana haraka ya kwenda kuona vigae.

Katika miaka ya 1950 karibu Wamalabari wote walihamia Israeli, wengi wakawa wakulima katika vijiji kama Nevatim, jangwani Negev. Majengo waliyoyaacha yalipata bahati tofauti. Sinagogi la Kadavumbagam, hapohapo Mattancherry, lilivuliwa mapambo yake ya mbao, ambayo leo yako kwenye Makumbusho ya Israeli mjini Yerusalemu. Gofu lililobaki liliporomoka upande wa mbele kwa mvua mwaka 2019.

La Chendamangalam limekarabatiwa na ni makumbusho. Ndani kuna jambo la Kerala hasa: mimbari mbili za kusomea Taurati, moja katikati ya ukumbi, nyingine juu kwenye roshani, mbele ya sehemu ya wanawake. Bibi huitazama hiyo ya juu kwanza. Huko ndiko alikokaa na mama yake, msomaji akiwa hatua chache tu kutoka kwao.

Uani limesimama jiwe la kaburi lililoletwa kutoka Kodungallur. Ni la mwaka 1269, lina maandishi ya Kiebrania. Hapa dereva, ambaye safari nzima alikuwa akielewana na bibi peke yake, hubaki kimya. Mjukuu mdogo huchuchumaa, akafuata herufi kwa kidole, zilezile alizofundishwa darasa la kwanza, akasoma kwa sauti jina la marehemu: Sara binti Israeli.